Mtu wa Kwanza Kuambiwa

Simu ilitetemeka mara ya tisa wakati mchungaji akiwauliza maharusi kama wanakubaliana kwa hiari yao. Nalepo aliisikia ndani ya mkoba, ikinguruma juu ya mbao za benchi kama dudu lililofunikwa kikombe. Mama mmoja wa kwaya aligeuka akamtazama. Nalepo aliuvuta mkoba mapajani, akaukumbatia, akakaza macho mbele.

Mdogo wake, Naanyu, alikuwa amesimama madhabahuni, shanga zimejaa shingoni juu ya gauni jeupe. "Ndiyo," alijibu kabla swali halijaisha, na kanisa zima la Kisanga likacheka, wafugaji waliotoka mbugani na wakulima wa jirani pamoja. Baba yao, Tipis, alicheka kwa sauti kuliko wote.

Simu ikatetemeka tena. Ya kumi. Ya kumi na moja.

Nalepo hakuwa na haja ya kufungua. Alijua ujumbe unasema nini, kwa kuwa ulikuwa ukisema hivyo hivyo kwa miaka mitatu: diski ya seva namba tatu imefika asilimia themanini. Baada ya dakika tano: diski ya seva namba tatu imeshuka chini ya asilimia themanini. Halafu imefika tena. Kampuni aliyoifanyia kazi ilikuwa ndogo, moja ya zile zilizochipuka baada ya serikali kuruhusu watu binafsi kufanya biashara ya mawasiliano. Ilipeleka intaneti kwenye zahanati, shule, ofisi za kata na hoteli za watalii Mikumi. Seva zake thelathini na nne zilikaa katika vyumba vinne: Mikumi, Kilosa, Dumila na juu ya mlima Mamboya. Fundi wa upande huo wote alikuwa mmoja, naye ndiye huyu aliyekumbatia mkoba kanisani.

Alipotoka nje kwa vigelegele aliizima simu. Ilikuwa siku ya mdogo wake. Alicheza mpaka vumbi likampanda magotini, akala nyama ya kuchoma kwa mikono miwili, na shangazi zake wakamuuliza, kama walivyomuuliza kila mwaka, kama hizo mashine za Mikumi ndizo zitamuoa.

"Zimeshatoa posa," alisema. "Baba anasubiri ng'ombe."

Saa kumi alasiri aliiwasha simu. Ujumbe arobaini na sita. Alianza kuufuta bila kusoma, kidole kikienda chenyewe, diski, diski, diski, na kidogo aufute na ule mmoja. *Kilosa, chumba cha seva, nyuzi joto arobaini na moja.* Uliofuata ulisema arobaini na nne. Kisha diski. Kisha arobaini na saba. Kisha ujumbe mwingi uliosema kwa lugha mbalimbali jambo moja, kwamba Kilosa haijibu.

Alisimama katikati ya ngoma, watu wakimpita huku na huku.

*

Kiyoyozi cha Kilosa kilikuwa kimesimama, chumba kikawa tanuri, na seva mbili zikaungua. Mtandao wa Kilosa na wa vijiji vyote vinavyopitia Kilosa ulikatika kwa siku mbili, mpaka Nalepo alipoleta mashine kutoka Morogoro zikiwa zimefungwa kwenye magodoro.

Mkuu wa ufundi, mhandisi Melkizedek, alikuwa mtu wa suruali zilizopigwa pasi na sauti isiyopanda. Alikuja mwenyewe Mikumi siku ya Jumatano, akakaa upande wa pili wa meza.

"Ulitumiwa ujumbe saa tano na dakika kumi na mbili," alisema. "Mfumo ulifanya kazi yake. Wewe ulikuwa wapi?"

"Harusini kwa mdogo wangu. Niliizima simu. Kosa ni langu, bosi, silikatai." Nalepo alisukuma daftari mbele yake. Siku tatu alikuwa amehesabu. "Lakini naomba utazame hapa. Mwezi uliopita nilipokea ujumbe elfu moja, mia moja na arobaini. Uliohitaji mtu anyanyuke ni sita."

Melkizedek alilisoma.

"Kila fundi aliyepita hapa aliweka kanuni zake, kwa mkono, mashine moja moja," Nalepo aliendelea. "Huyu aliona asilimia themanini ni hatari, yule tisini. Kuna tahadhari zinazokwenda kwa mtu aliyehamia Dar es Salaam miaka miwili iliyopita. Nikitaka kubadilisha kitu kimoja inabidi nikibadilishe mara thelathini na nne, na nikifika ya ishirini nimeshasahau nilichofanya kwenye ya kumi."

"Unataka nini?"

"Faili moja. Kila kitu kiandikwe humo: mashine ipi, kipimo gani, kikomo wapi, nani aambiwe. Halafu nitengeneze programu ndogo inayosoma hilo faili na kuandika kanuni zote yenyewe. Kisichokuwemo kwenye faili, inakifuta. Naomba wiki tatu."

Melkizedek alifunga daftari taratibu. "Wiki tatu," alisema. "Na hiyo simu usiizime."

Kuiandika programu hakukumchukua hata wiki. Alikuwa ameibeba kichwani kwa muda mrefu. Lililomshinda ni faili. Alikaa mbele ya kioo cha kompyuta, akaandika *chumba: Kilosa*, akaandika *kipimo: joto*, akafika kwenye *kikomo* na kugundua kwamba hajui. Thelathini na tano? Arobaini? Namba zote alizozijua alizirithi kwa watu waliozibahatisha. Akapanda basi la asubuhi kwenda Kilosa.

*

Chumba cha Kilosa kilikuwa nyumba ndogo ya tofali karibu na reli, chini ya mnara. Aliyekilinda, kukifagia na kuitilia jenereta yake mafuta aliitwa Damiano, mzee wa miaka sitini na miwili mwenye koti la kahawia alilolivaa hata jua likiwaka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunifukuza?"

Nalepo alicheka, kisha akaona kwamba mzee hakuwa anatania. Alikuwa ameshapanga vitu vyake mlangoni: chupa ya chai, mto wa kukalia, redio.

"Nani kasema nafukuza mtu?"

"Yule dereva aliyeleta mashine, nilimkuta juzi. Anasema unatengeneza kompyuta ya kulinda kompyuta." Damiano alimvutia kiti, heshima ikishinda hofu. "Mimi si mgeni wa hayo. Nilikuwa karani wa simu stesheni, hapo unapopaona. Miaka kumi na saba. Ilipokuja habari ya kupunguza wafanyakazi, mwaka wa tisini na sita, tuliitwa mmoja mmoja, tukapewa karatasi. Kwa hiyo kama ni karatasi, nipe tu. Chai utakunywa?"

"Nitakunywa. Karatasi sina."

Alimimina chai kwenye vikombe viwili vya bati. Kwa muda walitazama punda akijikuna kwenye nguzo ya uzio.

"Siku ile chumba kilipochemka," Nalepo alisema, "wewe ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, nusu kilomita. Jumamosi huwa natoka saa nne. Ningeambiwa, ningefika kwa baiskeli kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu." Aliweka kikombe chini. "Lakini nani aniambie? Ujumbe ulikwenda Mikumi na Morogoro. Mlango uko hapa."

Nalepo aliacha kunywa.

"Stesheni kazi yangu ilikuwa moja," Damiano aliendelea. "Treni ikitoka kwangu, nampigia mwenzangu wa mbele: inakuja. Basi. Sikumpigia kwanza bwana mkubwa Dar es Salaam ili yeye ampigie mwenzangu. Treni ingekuwa imeshapita."

"Na joto, baba? Likifika ngapi nijue kuna hatari?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa mvua ina bei gani. Aliingia ndani, akarudi na kalenda ya zamani ya ukutani. Nyuma ya kila ukurasa alikuwa ameandika kwa mwandiko wa karani, herufi zimeinama upande mmoja kama mpunga: saa, joto la chumba, hali ya umeme. Miaka minne. Hakuna aliyemwagiza.

"Ona. Saa nane mchana Januari, thelathini na sita, na hakuna lolote. Umeme unakuwa mdogo, kiyoyozi kinapumua kwa shida, jua likilala linashuka lenyewe. Ila hapa." Kidole chake kikasimama. "Saa mbili asubuhi. Ishirini na nne, ishirini na saba, thelathini, ndani ya dakika kumi na tano. Hiyo ni ndogo kuliko thelathini na sita, sivyo? Lakini siku hiyo kiyoyozi kilikuwa kimekufa. Usitazame joto limefika wapi, mwanangu. Tazama linakwendaje."

Nalepo alichukua kalenda kwa mikono miwili.

"Naweza kuondoka nayo?"

"Utairudisha?"

"Mwenyewe."

Damiano alitafakari. "Kuna mwaka ng'ombe waliingia shambani kwangu wakala mahindi yote, hawakubakiza hata mabua. Ng'ombe wa nani, sijui mpaka leo. Nikaapa Mmasai hatakaa kwenye kiti changu."

"Na sasa nimekaa."

"Umekaa, na chai umekunywa." Alimwongezea kikombe. "Viapo navyo huzeeka."

*

Kutoka Kilosa alikwenda Dumila, akabadili basi penye vibanda vya nyanya na mahindi ya kuchoma, kisha akapanda pikipiki mpaka Mamboya, dereva akiinama mbele kila kona ya mlima. Alikuwa ameiacha safari hiyo mwisho kwa makusudi. Aliiogopa.

Kwenye kituo cha afya tabibu alikuwa kijana mrefu, Timotheo, mwenye kalamu tatu mfukoni. Kila alipopata mgonjwa mzito aliwasiliana kwa intaneti na daktari bingwa Morogoro. Jumamosi ile ya harusi alikuwa na mama mjamzito aliyekuwa akitokwa damu.

"Nilimwandikia daktari, nikatuma na picha za vipimo," Timotheo alisimulia. Walikuwa wamekaa kwenye ngazi za nyuma, kabichi zikishuka mlimani kwa mistari mbele yao. "Nikasubiri. Nikadhani yuko chumba cha upasuaji. Dakika arobaini nzima nikisubiri jibu la ujumbe ambao haukutoka. Na kupiga simu hapa mpaka upande kule kwenye jiwe; chini huku hupenya ujumbe mfupi tu."

"Halafu?"

"Nikaacha kusubiri. Tukamlaza kwenye lori la kabichi, nikakaa naye, tukamteremsha hospitali ya misheni. Amejifungua mtoto wa kike. Wote wazima."

Nalepo alifunika uso kwa viganja. Alipouinua macho yalikuwa yamelowa. "Mimi ndiye niliyezima simu," alisema.

Timotheo alitoa kalamu moja mfukoni, akairudisha.

"Dada Nalepo, mitambo inakufa. Hata jenereta yangu inakufa. Mimi sikuhitaji mtandao usife. Nilihitaji mtu mmoja aniambie, 'Timotheo, mtandao hakuna, usisubiri.' Lori lilikuwa hapo tangu asubuhi."

*

Faili lilikamilika siku ya kumi na tisa. Lilikuwa maandishi matupu, marefu kama barua ya mtu mwenye mengi ya kusema, na yeyote ajuaye kusoma angeweza kulisoma. Sehemu ya Kilosa ilisema hivi:

*chumba: Kilosa*
*kipimo: joto*
*hatari: likipanda nyuzi tatu ndani ya dakika kumi*
*aambiwe kwanza: Damiano*
*asipojibu kwa dakika kumi: Nalepo*
*mtandao ukikatika, aambiwe pia: Timotheo, Mamboya*

Melkizedek alilisoma huko Morogoro, akapiga simu.

"Kazi nzuri," alisema. "Safi sana. Ila kuna majina mawili ya kutoa. Huyu Damiano ni mlinzi."

"Ndiyo, bosi. Anakaa nusu kilomita."

"Atafanya nini na tahadhari ya seva?"

"Ataisoma. Nimeiandika kwa Kiswahili, na inamwambia cha kufanya. Mimi kufika Kilosa ni mwendo wa saa tatu, barabara ikiwa kavu."

"Haya. Na huyu wa Mamboya? Huyu ni mteja, Nalepo. Kampuni gani inamtumia mteja ujumbe kumwambia, 'Ndugu mteja, tumekufa'?"

Nalepo alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu kwenye ngazi za kituo cha afya. Hata hivyo alikuwa na kazi aliyoipenda, na watu wenye vyeti kumzidi walikuwa wengi Morogoro.

"Anajua tumekufa, bosi. Anajua baada ya dakika arobaini, akiwa na mgonjwa mkononi. Mimi nataka ajue dakika ya kwanza." Alivuta pumzi. "Yule mama alishuka mlima kwenye lori la kabichi. Nikitoa jina la Timotheo, sitaweza kupanda tena Mamboya. Utamtuma fundi mwingine."

Sauti ya Melkizedek haikupanda. Haikupanda kamwe, ndiyo maana watu walimwogopa.

"Miezi mitatu," alisema mwishowe. "Wateja wakianza kutucheka, unafuta."

*

Programu ilikuwa na tabia moja aliyoipa kwa makusudi. Kabla ya kufanya lolote, ilieleza ingefanya nini. Jumatatu asubuhi, ofisini Mikumi, malori yakipita barabara kuu mpaka vioo vinalia, Nalepo aliiendesha, nayo ikaandika kwenye kioo:

*Nitafuta kanuni 212. Nitaandika kanuni 47. Niendelee?*

Mia mbili na kumi na mbili. Alizipitia zote kwa mara nyingine, jicho likitafuta moja ambayo pengine fundi fulani aliiweka kwa sababu nzuri asiyoijua. Akaandika *ndiyo*. Akaacha kidole juu ya kitufe. Akaenda nje, akanunua karanga, akarudi, akabonyeza.

Ilichukua chini ya dakika moja. Kazi ya mikono ya mafundi wanne, ya miaka sita.

Simu ilinyamaza. Nalepo aliiweka mezani, uso juu. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Alikula wali kwa mama lishe akiwa ameiegemeza kwenye jagi la maji. Saa saba hakuweza kuvumilia, akaingia chumba cha seva cha Mikumi na kuchomoa waya wa mashine moja ya akiba. Simu ikalia pale pale. Akachomeka, akacheka peke yake kati ya mashine. Baada ya nusu saa akaichomoa tena, kuhakikisha.

Iliendelea hivyo siku nzima na siku ya pili. Wiki ya pili alianza kuisahau kwa saa nzima nzima. Alimpelekea Damiano kalenda yake, na simu ndogo ya kampuni, akamfundisha: ujumbe ukija, jibu kwa namba moja, maana yake nimeona, nakwenda. Mzee aliifunga kwenye plastiki, akaiweka mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo.

*

Ilitokea Februari, Alhamisi saa sita na robo mchana, upepo ukivuma tangu asubuhi. Nalepo alikuwa juu ya paa la hoteli moja Mikumi akikaza antena. Simu yake haikulia. Aliishika tu kutazama saa, akaona kwenye orodha ya tahadhari kwamba kuna ujumbe uliotumwa dakika nne zilizopita, si kwake.

*KILOSA: Joto linapanda haraka. Nenda katazame kiyoyozi, ndani na nje. Ukiona ujumbe huu jibu 1.*

Chini yake hapakuwa na jibu.

Aliketi juu ya bati lenye moto, asilisikie. Nyuzi ishirini na nane. Dakika ya tano. Ishirini na tisa na nusu. Dakika ya sita. Alianza kufikiri pikipiki, basi, saa tatu za vumbi. Thelathini na moja. Aliwaza plastiki ile, na koti, na masikio ya mzee. Dakika ya saba kidole chake kilikuwa tayari juu ya namba ya Damiano.

*1.*

Namba moja, peke yake. Nalepo hakuwahi kupenda tarakimu kiasi hicho.

Lakini joto liliendelea, thelathini na nne sasa, na alijua mashine za Kilosa zilivyoungua. Alishuka ngazi, akafungua kompyuta yake kwenye meza ya mapokezi, akazima seva moja baada ya nyingine akiwa Mikumi, na ya mwisho ilikuwa ile iliyobeba njia ya Mamboya. Sekunde chache baadaye faili lilifanya lililoandikiwa, bila kumuuliza mtu.

Simu ikalia. Timotheo, upepo ukivuma nyuma ya sauti yake. Alikuwa kule kwenye jiwe.

"Nimeupata ujumbe! Unasema mtandao umekatika, nisisubiri. Ni kweli au unajaribu mitambo?"

"Kweli. Una mgonjwa?"

"Ninaye babu mmoja wa mguu. Si wa haraka. Nimemwambia akale kwanza." Akasita. "Kwa hiyo hii ndiyo inavyokuwa? Mnasema tu?"

"Tunasema tu."

Ilipotimia saa saba kasoro dakika kumi joto, kwa kipimajoto chenye laini yake ya simu, lilikuwa thelathini. Saa saba lilikuwa ishirini na sita. Damiano alipiga, akihema, na nyuma yake sauti ya mwanamke ikilalamika.

"Ni shuka," alisema.

"Shuka gani, baba?"

"La kitanda. La Mwanakheri, huyu jirani auzaye maandazi. Amefua, upepo umelichukua kwenye kamba, umelibandika kwenye feni ya kiyoyozi huku nje. Imelimeza nusu. Nimezima swichi, nimelivuta polepole, nimewasha. Kinapuliza. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilisoma huku nakanyaga baiskeli, nikasema nijibu nikifika. Nimekosea. Nitajibu kwanza."

"Hujakosea kitu, baba."

"Sasa Mwanakheri anasema shuka lina matundu, kampuni imlipe."

"Mwambie nakuja nalo jipya."

Alimsikia akimwambia, akamsikia Mwanakheri akiuliza rangi gani, na wote watatu wakacheka, wawili Kilosa na mmoja kwenye mapokezi ya hoteli Mikumi, mhudumu akimtazama. Kisha Damiano akashusha sauti.

"Mwanangu. Lile faili lako, mtu anaweza kuongeza neno?"

"Neno gani?"

"Siku za upepo. Kamba ya kuanikia ihamishwe. Sijui kama kompyuta inaweza kuandikwa hivyo."

"Haiwezi," Nalepo alisema. "Lakini nitaliandika hivyo hivyo, pembeni. Atakayekuja baada yangu alisome."

*

Mwezi wa Aprili Melkizedek alituma ujumbe wa mistari miwili. Mafundi wa kanda zote wangekutana Morogoro, na Nalepo aje kuwaonyesha faili lake. Juu ya majina mawili hakusema kitu, na Nalepo hakuuliza. Alijibu kwamba atakuja na mtu mmoja.

Damiano alifika Mikumi jioni iliyotangulia, akalala kwa mpwa wake, na asubuhi alikuwa kituoni kabla ya basi, koti limepigwa pasi, kalenda yake imeviringishwa ndani ya gazeti. Alichagua kiti cha dirishani. Miaka yote ile alikuwa mtu wa reli, alisema, na barabara ya mbugani hakuwahi kupita mchana.

"Nikiulizwa nitasema nini kwa Kiingereza?"

"Hakuna Kiingereza. Utasema joto linakwendaje."

Basi liliingia hifadhini jua likiwa bado chini, nyasi zimerefuka kwa mvua, maji yamesimama kwenye mashimo kama vipande vya kioo. Nyumbu. Swala, wengi, hawakuinua hata vichwa. Halafu dereva alipunguza mwendo, akasimama, akazima injini. Nyuma yao lori likasimama, na nyuma ya lori basi jingine.

"Kuna nini huko mbele?" mtu aliuliza.

Tembo walikuwa wanavuka. Walikuwa wanne, wakitembea bila haraka katikati ya lami kana kwamba imewekwa kwa ajili ya miguu yao. Abiria walisimama, wengine wakaegemea madirisha. Wakubwa walishafika ng'ambo, wakaanza kung'oa nyasi, na ndipo watu walipoona kwamba kuna wa tano, mdogo, amebaki upande huu. Alinusa ukingo wa barabara, akarudi nyuma hatua moja, masikio yamefunguka.

Dereva wa lori alipiga honi fupi. Mkono wa dereva wa basi ulikwenda kwenye honi yake pia, ukakaa hapo, haukubonyeza.

"Subirini," alisema Damiano, kwa sauti ndogo, kama anayezungumza na dirisha.

Upande wa pili mmoja wa wakubwa aliacha kula, akageuka, akamwita kwa mngurumo mfupi. Mdogo aliinua mguu wa mbele, akauweka juu ya lami, akautazama.

"Sasa ameambiwa," alisema Damiano, na dereva akaondoa mkono kwenye honi.